Kadi ya Saba

Jumamosi ya pili ya Novemba, baada ya kifungua kinywa, Alden Whitcomb alivuta droo ya tatu ya kabati lake la sarafu akakuta mwanamke anamtazama.

Asiyejua mambo ya sarafu ataona si neno. Sarafu ina pande mbili, leo huu, kesho ule. Lakini wakusanyaji wa senti kuukuu ni watu wa mila kushinda hata maaskofu. Kila Jumamosi, kwa miaka ishirini na minane, Alden alizitoa senti zake moja moja, akazipitishia brashi laini ya manyoya, akairudisha kila moja kwenye tundu lake, kwa upande wake uleule. Ile ya tundu la kwanza, senti ya mnyororo ya mwaka 1793, huilaza mnyororo juu na mwanamke chini. Huyo mwanamke, aliyechongwa kuwa sura ya Uhuru, hakuwa wa kumtazama kabla kahawa haijashuka tumboni. Nywele zimemtimka, shingo imemkaza, na macho ni ya mtu aliyesikia hatua nyuma yake. Tangu zilipotoka senti hizo watu walinung'unika: huyu ndiye Uhuru tuliyeahidiwa? Mbona kama kaona kitu?

"Nettie!" Alden aliita. "Nani kafungua kabati langu?"

"Ufunguo unalala nao shingoni kama mbuzi na kengele yake," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Muulize mbuzi."

Alden akacheka, akaigeuza. Shaba ilikuwa vuguvugu, kama iliyobanduliwa sasa hivi kwenye ngozi ya mtu. Akajifuta vidole kwenye suruali na kufunga droo bila kumaliza kazi yake ya Jumamosi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyomzika mama yake.

Kulikuwa na kitu alichokuwa amekificha, nami nitakisema mapema, kwa sababu simwonei huruma ya kumfichia. Sarafu ya namna hiyo haiendi peke yake. Kila aliyewahi kuwa nayo huandika kadi ndogo ya duara: jina lake, aliitoa wapi, mwaka gani. Kadi hulala ndani ya tundu, chini ya sarafu, na anayefuata huzipokea zote na kuongeza ya kwake. Ukoo wa sarafu ndio huo. Mkusanyaji anaweza kumsahau binamu yake mwenyewe, lakini kadi ya mtu aliyekufa miaka mia haitupi.

Senti ya mnyororo ilimfikia Alden mwezi Oktoba, kutoka kwa mjane mmoja wa Albany, na ilikuja na kadi saba. Sita zilikuwa nzuri: hakimu, daktari, mwenye kiwanda cha vifungo, wote wana miandiko ya kunyookanyooka. Ya saba, iliyokuwa chini kabisa, haikuwa hata kadi. Ilikuwa kipande cha karatasi ya kahawia kilichokatwa kwa kisu, kina herufi za kuparura kama miguu ya kuku. Alden aliona neno "Zilpah" na neno "jicho", akaona inatosha. Alijua kwamba Machi, kwenye mkutano wa wakusanyaji kule Boston, wenzake watazipitisha kadi zile mkono kwa mkono. Akataka ukoo uwe msafi. Akafungua mlango wa jiko la kuni akakitupa kile kipande ndani.

Kisha akakata kadi mpya akaandika jina la binti yake wa pekee: Corinne Whitcomb, kutoka kwa baba yake, 1974. Ilikuwa zawadi yake ya kutimiza miaka ishirini na mitatu. Corinne alikuwa fundi wa kuchora maua kwenye nyuso za saa za kale, kwa brashi ya nywele tatu. Alden alikuwa akisema hakuna macho kama yake katika bonde zima, na katika hilo hakuwa akidanganya.

Jumatatu Nettie alikuwa akipiga pasi, saa tisa mchana, jua likiingia dirishani, aliposikia sarafu ikizunguka juu ya mbao. Unaijua sauti ile, vrrrr, kisha inazidi kuharakisha, kisha inalala. Hii haikulala. Ilizunguka, ikaharakisha, ikafika pale pa kulala, halafu ikaanza upya, na Nettie akasimama na pasi mkononi akingoja ianguke kama mtu anayengoja mwenzake apige chafya, mpaka harufu ya shati linaloungua ikamzindua. Alipofungua mlango wa chumba cha kabati hapakuwa na kitu mezani. Palinuka udongo mbichi, udongo wa shimo jipya, ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi.

"Panya," Alden alisema jioni.

"Panya wa kuzungusha sarafu?"

"Basi masikio yako."

"Masikio yangu yamekusikia ukikoroma miaka thelathini, Alden. Yanajua tofauti."

Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, walikula bata mzinga na pai ya boga, watu watatu tu, wakacheka, na baada ya kula Corinne akajilaza kwenye kochi la sebuleni. Nettie alikuja kumfunika blanketi. Mwanawe alikuwa usingizini, anapumua polepole, mdomo umelegea, jicho la kulia limefumba. La kushoto lilikuwa wazi.

Nettie akapunga mkono mbele yake. Jicho halikupepesa. Akainama karibu zaidi, na ndipo alipoona kwamba jicho lile halikukodoa tu kama la mtu aliyelala vibaya bali lilikuwa likitazama, linakwenda taratibu kutoka upande huu wa dari mpaka upande ule, linasimama, linarudi, kama linawahesabu watu waliosimama kulizunguka kochi, na kila liliposimama Nettie alihisi kuna mtu kweli mahali hapo, mtu wa nguo nzito zenye unyevu, mpaka akaogopa kuinua uso wake mwenyewe asije akamwona.

"Corinne," alinong'ona. "Amka, mama. Amka sasa hivi."

Corinne akaamka, akaketi. "Nimeota wamenisahau," alisema. "Wamenifumba nusu."

Daktari wa macho kule Springfield aliyamulika yote mawili akasema yana afya, akampa dawa ya matone. Lakini asubuhi ya Ijumaa ya wiki iliyofuata Nettie alimshika binti yake kidevu akamgeuza kwenye mwanga. Macho ya Corinne yalikuwa ya bluu tangu kuzaliwa. La kulia lilikuwa bado la bluu. La kushoto lilikuwa limeanza kuingia rangi ya shaba.

"Mama, nikiliziba la kulia, siioni nyumba hii."

"Unaona nini?"

"Dari ya mbao nyeusi. Wanawake wa kofia nyeusi. Na mkono. Mkono mnene, una chunjua kwenye kidole gumba. Unaondoka na kitu."

Alden alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaenda chumbani kwake, akaichana kadi ya Corinne vipande vipande, akaandika jina lake mwenyewe badala yake. Alidhani ameuchukua mzigo. Jumamosi jicho la Corinne lilikuwa limekolea zaidi, na alikuwa akisema amebebwa, watu wanne, wanajikwaa. Jumapili aliwekewa ubao juu ya uso.

"Ubao wa msonobari," alisema, amekaa mezani na kiganja juu ya jicho la kulia, sauti yake ndogo. "Una tundu, pale palipokuwa na kifundo. Tundu limekuja sawasawa juu ya jicho hili. Naona mbingu. Naona mnara wa kanisa letu, na jogoo wa bati juu yake. Wananishusha, mama. Wakijaza udongo, sitaona tena. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu."

Nettie akamgeukia mumewe. Uso wa Nettie ulikuwa umekwisha damu kabisa. "Mficha uchi hazai, Alden. Huyu ni mtoto wetu. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nitampigia Bi Peck."

Wakusanyaji wote wa senti, kutoka Maine mpaka Ohio, karatasi zikiwapotea humpigia Bi Augusta Peck wa Brattleboro. Alifika Jumatatu asubuhi, mwanamke wa miaka sabini, buti za kiume, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi, na gari lake limejaa vitabu vya minada ya zamani. Hakuvua koti. Alimtazama Corinne jichoni kwa lenzi yake, kwa muda, kisha akaifuta lenzi.

"Mimi si kasisi na si mchawi," alisema. "Ninachojua ni nani alimnyang'anya nani. Basi. Bwana Whitcomb, ilikuja na kadi ngapi?"

"Sita."

"Fikiri tena."

"Sita, Bi Peck. Zipo hapa, zihesabu."

Bi Peck akafungua kitabu kimoja chenye jalada lililomeguka, akapiga kidole kwenye ukurasa. "Mnada wa mwaka 1911. Soma hapo. Senti ya mnyororo, pamoja na kadi zake nne na kipande cha karatasi ya kahawia. Wakati huo watu wawili wa mwisho walikuwa hawajainunua. Nne na mbili ni sita. Na kahawia ni saba. Iko wapi?"

Kutoka chumba cha kabati, kwa mbali, ile sauti ikaanza kuzunguka juu ya mbao.

"Niliichoma," Alden alisema.

Nettie aliketi chini, pale pale karibu na jiko, akauweka mkono wake juu ya mlango wa chuma kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Ilikuwa imeandikwa nini?" Bi Peck aliuliza.

"Sikuisoma yote. Zilpah. Jicho. Nilidhani ni mchezo wa mtoto."

"Miaka ishirini na minane unakusanya, na umechoma karatasi bila kuisoma." Bi Peck alilisema hilo kwa mshangao wa kweli. Akaomba simu.

Mjane wa Albany aliinua baada ya mlio wa tano. Bi Peck alimweleza kwa maneno machache. Mume wake marehemu, mama yule alisema, alikuwa na daftari la kunakili kila kadi iliyopita mkononi mwake, na hiyo ya kahawia alimwapisha asiiguse hata akifagia. Walisikia kurasa zikigeuzwa huko upande wa pili. Kisha mjane akasoma, na Bi Peck akarudia kila neno kwa sauti ili wote wasikie.

"Zilpah Tuck. Hii ni ya jicho lake la kushoto. Alifua nguo kuipata. Shemasi Tuck aliibandua nilipokwenda kuchota maji. Mwenye kuwa nayo amtaje yeye kwanza, wala asimfukuze. Mimi Candace, binti yake."

Enzi hizo maiti aliwekewa senti juu ya kila kope, ili macho yabaki yamefumba mpaka kaburini. Na hapana mtu wa Hadlock, mji wao huo, asiyelijua jina la Shemasi Tuck. Ndilo liko kwenye jiwe kubwa kuliko yote makaburini. Kwamba aliwahi kuwa na watumwa, hilo halikuandikwa kwenye jiwe. Zilpah alikuwa mmoja wao kabla ya kuwa huru, akabaki na jina la Tuck kwa sababu hakupewa jingine.

"Binti alibaki kutumikia nyumba ile ile," Bi Peck alisema akirudisha simu mahali pake. "Hakuwa na uwezo wa kuidai. Akaichomeka karatasi kwenye kisanduku cha mzee, chini ya senti. Alijua watu kama sisi. Hatutupi karatasi. Kwa hiyo mama yake alitajwa, mkono baada ya mkono, na akangoja kwa adabu. Mpaka akapatikana bwana msafi."

"Nitaiandika upya," Alden alisema haraka. "Nitamweka wa kwanza. Sasa hivi."

Akaketi, akachovya kalamu. Aliandika Z. Corinne akapiga ukelele, akajishika uso.

"Wametupa koleo la kwanza! Udongo umepita tunduni! Baba, acha, unawaharakisha!"

Aliposhusha mkono, upande wa chini wa jicho lile ulikuwa umefunikwa na utando wa kijivu, kama kioo kilichopuliziwa vumbi. Nettie alimkumbatia, naye Corinne akasema pembeni ya sikio la mama yake, polepole sana, kwamba kule chini haoni tena kitu.

"Ile ilikuwa ombi," Bi Peck alisema. "Ombi limeungua. Sasa anataka chake. Kesho mchana, kukiwa na mwanga wa kutosha, tutampelekea."

Alden alisimama. "Nimeitafuta tangu nina nywele, Bi Peck."

"Zilpah ameitafuta zaidi."

Asubuhi iliyofuata Alden aliomba dakika tano peke yake chumbani, aiage. Wakamwachia. Hakuna asiyeelewa mapenzi ya mtu na kitu chake. Ila nisisahau kusema kwamba kabla ya Oktoba tundu la kwanza la droo halikuwa tupu. Lilikuwa na senti ya bandia, nakala ya shaba ambayo wakusanyaji huiweka ili pengo lisiwaume wanapoitafuta ya kweli. Nakala ile ilikuwa bado imo kabatini, droo ya chini.

Makaburi ya Hadlock yako nyuma ya kanisa, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Theluji ilikuwa ya kufika kwenye fundo la mguu, na jua la adhuhuri halikuwa na joto lolote. Corinne alitangulia, kiganja kwenye jicho la kulia, akiongozwa na lile jingine, na mama yake kamshika kiuno asijikwae. Wakayapita mawe ya akina Tuck, wakauvuka ukuta upande wa kaskazini, wakaingia kwenye kichaka ambako hapana jiwe hata moja.

"Mnara usogee kushoto," Corinne alikuwa akinong'ona. "Bado. Jogoo aingie nyuma ya pembe ya paa. Bado kidogo. Hapa."

Akajilaza chali kwenye theluji. Akaondoa kiganja. Akafumba jicho la kulia, akalifumbua, akafumba tena. "Zimelingana," alisema. "Mbingu ya kule na ya hapa ni moja. Niko juu yake."

Akasogea kando, akabaki amelala vilevile, na Alden akaanza kuchimba kwa mtaimbo. Udongo ulikuwa umeganda kama mawe. Kila alipopiga, kutoka chini walijibiwa na sauti, si mwangwi, bali ile ile ya sarafu inayozunguka, sasa wote wanne waliisikia, ikiharakisha na kuanza upya, ikiharakisha na kuanza upya, na harufu ya shimo bichi ikapanda ingawa ardhi iliyoganda hainuki, na Corinne akaanza kuwahesabia koleo kwa sauti isiyo na machozi, hili la pili, hili la tatu, limebaki duara, limebaki nusu, fanyeni haraka, mpaka Nettie mwenyewe akapiga magoti na kuchimbua kwa kucha.

Shimo lilipofika urefu wa mkono, Alden akatia mkono mfukoni. Akatoa senti. Akaibusu, tena kwa kwikwi, akaiachia.

Corinne akaacha kuhesabu. Jicho lake la shaba lilikuwa limekaza kuelekea juu, kwenye anga tupu, likifuata kitu kinachoshuka.

"Baba," alisema. "Hiyo si yenyewe."

"Ni yenyewe, mwanangu."

"Ninaiona ikija. Ina mshono ukingoni. Imeungwa nusu mbili. Ni ile ya bandia, ya droo ya chini."

"Ni macho tu, Corinne, umechoka, nakuapia—"

"Koleo la sita," alisema Corinne.

Bi Peck alimtazama Alden kama mtu anayetazama sarafu nzuri iliyoharibiwa kwa kusuguliwa na mchanga. Nettie alikuwa bado kapiga magoti, mikono inavuja damu kwenye kucha, na alimtazama mumewe kwa chini, na nadhani hapo ndipo ndoa ile ilipovunjika, hata kama walikula meza moja miaka mingine kumi na tatu.

"Imebaki nukta," Corinne alisema. Hakulia wala hakumlaumu. "Kama kichwa cha pini. Baba, ninakuona kwa nukta hiyo. Umeinama juu yangu."

Ndipo Alden Whitcomb alipofungua koti, akafungua fulana ya ndani, akatoa ile ya kweli kutoka kwenye kifuko alichokining'iniza shingoni pamoja na ufunguo. Alikuwa analia kwa sauti, mzee mzima, kamasi zinamtoka. Akanyoosha mkono juu ya shimo.

"Mwanamke awe chini," Corinne alinong'ona. "Mnyororo juu. Asiuone."

Akaishusha kwa vidole, hakuiachia, akaibandika kwenye udongo mnyororo juu, kama alivyokuwa akiilaza kila Jumamosi. Ile sauti ya kuzunguka ikaharakisha, ikawa nyembamba, ikawa nyembamba zaidi. Kisha sarafu ikalala. Waliisikia wote, lile kofi dogo la shaba juu ya mbao, na baada yake kimya cha theluji. Kope ya kushoto ya Corinne ikashuka taratibu, kama imeshushwa na kidole cha mtu, ikafumba.

Alilala pale pale, kwenye baridi, usingizi wa kweli, macho yote mawili yamefungwa, na iliwabidi wambebe mpaka garini.

Bi Peck alizichukua zile kadi sita akaenda nazo Brattleboro. Kwenye faili lake, ukiliomba, utaukuta ukoo wa senti ile umeandikwa kwa mashine, bila maelezo mengi. Wa kwanza ni Zilpah Tuck. Wa mwisho ni Zilpah Tuck. Majirani walipouliza kuhusu jiwe dogo jipya lililosimamishwa kaskazini ya ukuta, lenye jina hilo, Nettie aliwaambia ni la mtu wa zamani, akaendelea kufagia.

Jicho la Corinne lilirudia bluu yake kabla ya Krismasi. Utando ukatoka, na Januari alikuwa tayari kwenye benchi lake akichora waridi na majani ya mizabibu kwenye nyuso za saa, brashi ya nywele tatu, mstari mwembamba usiotetemeka. Alden akaokota ile nakala ya bandia kwenye udongo, akaiosha, akairudisha kwenye tundu la kwanza. Mkusanyaji ni mkusanyaji. Machi hakwenda Boston.

Lakini Nettie ni mtu wa kuona mambo. Aliona kwamba binti yake akila anakula kwa macho mawili, akishona kwa mawili, akicheka na wageni kwa mawili. Baba yake akiingia tu, akisema habari za asubuhi, akimpa mkate, Corinne huinua kiganja akaliziba jicho la kushoto, kama mtu anayejikinga jua, akamjibu kwa upole. Alden alidhani ni mwanga wa dirisha. Akaweka pazia zito zaidi.

Siku moja wakiosha vyombo Nettie akamuuliza, kwa sauti ya chini, maji yakitiririka. "Bado linauma?"

"Haliumi, mama. Linaona vizuri kuliko la kulia."

"Sasa mbona ukiwa na baba yako unaliziba?"

Corinne akakausha sahani moja, akaiweka juu ya nyingine. Sebuleni Alden alikuwa akiita aletewe kahawa yake.

"Kwa la kulia ni baba," alisema. "Kwa hili la kushoto simwoni. Naona mkono tu, mama, mnene, una chunjua kwenye kidole gumba. Na bado umefumbata kitu."

Akajipangusa maji, akaziba jicho, akampelekea baba yake kahawa.